Wateja Sitini na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wangu amesema kila mtafiti awe na daftari la kumbukumbu, kwa hiyo nimenunua hili. Sikuthubutu kumuuliza niandike nini humo. Huyu Dokta simuulizi kitu. Nikiingia ofisini kwake hata jina langu nalisahau. Leo amelisoma pendekezo langu lote bila kuinua macho, kalamu nyekundu mkononi, kisha akasema, "Haya, nenda." Basi nikaenda.

Tasnifu yangu inahusu jinsi duka linavyoweza kutumia data na akili mnemba kujua mteja anataka nini kabla hajasema. Madodoso mia mbili, kila moja maswali kumi na nane. Majibu yanaingizwa kwenye programu ya kompyuta, programu inawapanga wateja katika makundi, na duka linajua nani atumiwe tangazo gani. Kwenye karatasi ni rahisi. Kasheshe ni kwamba lazima niongee na watu mia mbili, na mimi nikipigiwa simu huwa naiangalia mpaka inyamaze.

Namshukuru Mungu kwa mama mdogo. Naishi kwake, na ana miaka kumi na sita kwenye kaunta ya huduma ya duka kubwa la vifaa vya nyumbani. Anapokea jiko lililokataa kuwaka, pasi iliyounguza nguo, mume aliyenunua pazia fupi. Ndiye aliyeniombea ruhusa kwa meneja wa masoko. "Huyu mwanangu ni profesa," alimwambia mbele yangu. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Mvua zimeanza leo.

Jumatano, 5 Machi

Kumi na moja tu. Viatu vimelowa.

Jumamosi, 8 Machi

Thelathini na nne. Mmoja aliniuliza kama mimi ni mtu wa kodi. Mzee mwingine alijaza kwamba hataki kabisa kutumiwa ujumbe kwenye simu, halafu swali lililofuata akajaza kwamba anataka kujulishwa kila kitu kinaposhuka bei. Nilipomuuliza atajulishwaje, akajibu, "Hilo ni lenu."

Nikichoka najibanza kando ya kaunta ya mama mdogo. Anaongea huyu mama! Mteja analeta birika, yeye anauliza habari za goti lake, za binti yake aliyeolewa, na birika linakuja kutajwa mwishoni kabisa. Mimi ningekuwa mteja ningekimbia. Namwonea aibu kidogo, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 14 Machi

Tisini na sita. Meneja amesema mwisho wangu Jumatano, kwa sababu baada ya hapo wanahesabu bidhaa na hataki mtu wa nje dukani. Ni kijana wa makamo yangu hivi, anatembea haraka hata anapokwenda kunywa maji. Nilimwomba aniongeze wiki. Alisema, "Dada, Jumatano ni Jumatano."

Jumatano, 19 Machi

Mia na thelathini na moja. Imekwisha.

Nimemwendea Dokta. Nilikuwa nimejipanga kumweleza kuhusu mvua, kuhusu hesabu ya bidhaa, kuhusu watu wanavyokimbia. Aliniacha nimalize. Kisha akafungua pendekezo langu, akaweka kidole chini ya maneno mawili. "Soma." Nikasoma: mia mbili. "Nani aliandika?" Nikasema ni mimi. "Basi ziwe mia mbili mwisho wa mwezi. Zisipotimia, tutaonana mwakani." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mwakani! Mwaka mzima tena.

Jumapili, 23 Machi

Naandika vidole vikiwa na wino wa rangi tatu.

Mchana mama mdogo alinikuta nimejiinamia mezani, madodoso matupu sitini na tisa mbele yangu. "Nani amekufa?" Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akafuta meza, akavuta kiti.

"Lete kalamu."

"Mama mdogo, hili ni kosa. Wakijua wananifukuza."

"Kosa ni wewe kurudia mwaka kwa ajili ya watu sitini na tisa waliokuwa na haraka. Mimi wateja hawa nimewajua miaka kumi na sita, nawajua mpaka wanavyokohoa. Lete kalamu, na nyingine nyeusi, tusifanane mwandiko."

Tumejaza kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, mvua ikipiga bati. "Sasa mimi ni mwanamume," alisema kwa sauti nzito, "miaka thelathini na nne, niko benki, sina subira. Mke kaniagiza sufuria, nataka nitoke humu upesi." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Swali la kumi na mbili linauliza ungependa kuhudumiwa na nani: mhudumu wa kaunta, au mashine ya kujibu maswali. Akaweka alama kwenye mashine. Dodoso la pili, mashine. La tatu, mashine. Nikamuuliza mbona hajipigii kura.

"We mtoto! Mhudumu mwenyewe si mimi? Wakikuta nimejisifia si watanusa?"

Yeye amejaza arobaini, mimi ishirini na tisa. Na mimi niliweka mashine, kwa sababu ndivyo ninavyopenda: ninunue kitu changu bila kuulizwa habari za nyumbani.

Tulifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini sasa ameingia jikoni, nimebaki na rundo hili peke yangu kama niliyeiba.

Jumatatu, 24 Machi

Dokta ameyapokea. Ameyahesabu moja moja mpaka mia mbili, akatikisa kichwa kukubali. Nimerudi nyumbani nikaoga, ingawa nilikuwa nimeoga asubuhi.

Jumatano, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Leo kwenye maabara ya kompyuta nimeiendesha programu. Niliingiza majibu yote, nikabonyeza, nikaenda kunywa maji. Niliporudi makundi yalikuwa matatu. La kwanza lina watu themanini na mmoja, la pili arobaini na nane, la tatu sabini na mmoja. Nikalifungua la tatu nione ni akina nani. Madodoso niliyapa namba kwa mpangilio yalivyopatikana, na wetu wa mezani wanaanzia mia na thelathini na mbili. Basi nikaona: 132, 133, 134. Nikashuka. 150, 151. Nikashuka tena, mpaka 200. Wote wamo! Sitini na tisa wote, hakuna hata mmoja aliyepotea njia, pamoja na wawili wa kweli, masikini, waliojikuta humo.

Programu haijui kalamu wala meza wala mvua. Imewajuaje? Nimekaa nafikiri, nadhani ni hivi. Watu wa kweli wanajipinga. Hawataki ujumbe, lakini wanataka kujulishwa. Hawana muda, lakini wanapenda maongezi. Wetu hawajipingi. Kila mmoja ana msimamo mmoja tangu swali la kwanza hadi la kumi na nane. Tuliwaumba wenye akili timamu kupita kiasi.

Mwenzangu wa kompyuta ya jirani ameniuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo, tumbo.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilikwenda kwa Dokta nikijua leo ndiyo leo. Akayatazama matokeo yangu kwenye skrini yake kwa muda mrefu, mimi nimesimama nyuma yake.

"Unajua hiki ni kitu gani?" akauliza.

Nikasema, "Naweza kueleza, Dokta."

"Usieleze. Acha nieleze mimi." Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona meno yake. Anatabasamu! "Hili ni kundi jipya. Angalia lilivyojitenga. Wateja wasiotaka kuongea na mtu, wanaojua wanachotaka, wanaoiamini mashine. Tuwaite Wateja Kimya. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuleta kitu kama hiki, siyo kila siku." Anataka tuandike makala pamoja. Jina lake na langu.

Akanivutia kiti nikae. Miaka mitatu sijawahi kukaa ofisini humo. Nilimwogopa alipokuwa mkali, lakini leo nimemwogopa mara mbili.

Alhamisi, 10 Aprili

Dokta amenipeleka kwa meneja wa masoko kuwasilisha matokeo. Mimi nilibonyeza kompyuta kubadilisha picha ukutani, yeye aliongea. Meneja aliuliza swali moja tu: "Hao Wateja Kimya ni asilimia ngapi?" Dokta akanitazama. Nikasema thelathini na tano nukta tano. Meneja akaandika, akapigia mstari. Akasema kuna watu wanauza mashine ya kujibu maswali ya wateja, na amekuwa akitafuta sababu ya kuipeleka mbele ya mkurugenzi.

Tulipotoka tukapita kwenye kaunta. Mama mdogo alinikonyeza.

Jumatatu, 14 Aprili

Dokta amenipigia simu mwenyewe. Niliiangalia mpaka ikanyamaza.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Sura ya nne imekwisha. Imeandikwa vizuri, hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 24 Aprili

Mama mdogo amerudi na bahasha. Aliiweka mezani, akavua viatu vilivyolowa, akakaa bila kusalimia. Si kawaida yake. Huyu humsalimia hata paka.

"Nisomee. Miwani imefanya ukungu."

Miwani haikuwa na ukungu. Nikasoma. Kaunta ya huduma itafungwa tarehe thelathini na moja Mei na mahali pake itawekwa mashine, "kwa kuzingatia utafiti uliofanywa kwa wateja wetu." Ikifungwa, na yeye kazi imekwisha.

Nilisubiri aniangalie. Nilisubiri aseme, si yale tuliyojaza sisi, mwanangu? Hakuangalia. Alikuwa akikuna kitambaa cha meza kwa ukucha.

"Kumbe nawachosha," alisema. "Miaka kumi na sita nadhani wananipenda, kumbe wanavumilia tu. Mtu amekuja na birika lake, mimi namuuliza goti! Hata mimi ningechukia."

"Mama mdogo."

"Hapana, wewe umefanya kazi yako. Umewauliza, wamesema. Ukweli hauna chuki."

Akaenda kulala saa moja jioni bila kula. Hajakumbuka! Kwake ile ilikuwa Jumapili ya kucheka, karatasi za kumsaidia mtoto. Haimjii akilini kwamba duka lilisoma alama zake mwenyewe. Na mimi, Mungu wangu, mimi nilikuwa na maneno mdomoni nikayameza. Nikisema, tasnifu imekufa. Nikisema, watauliza nani mwingine alijaza, na yeye ni mfanyakazi wa duka lile lile. Nikinyamaza, anafukuzwa na karatasi zangu. Nimekwama.

Jumatatu, 5 Mei

Nilikwenda dukani kwa kisingizio cha kurudisha kitambulisho cha mgeni. Nilisimama nyuma ya rafu ya ndoo nikamtazama. Mwanamke mmoja alileta feni. Mama mdogo akasema, "Risiti." Akaitazama. "Dirisha la pili." Basi. Hakuuliza hata jina. Yule mwanamke alibaki amesimama, akamuuliza, "Unaumwa, mama?" Mama mdogo akatikisa kichwa.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko nilivyowahi kuiona, wengine wamerudi na vitu vile vile. Ndipo nikaelewa. Akiuliza goti, maongezi yanafika mpaka kwenye macho, naye anapata kujua kwamba mteja haoni maandishi madogo, na kwamba birika halijaharibika, hakulijaza tu maji mpaka kwenye mstari. Mimi nilikuwa naona porojo. Yale maongezi ndiyo kazi yenyewe, na nimeandika kurasa tisini kuhusu kumjua mteja bila kuliona hilo.

Jumatano, 7 Mei

Anakunywa chai kimya. Anaosha vyombo kimya. Jana alinisalimia kisha akasema, "Samahani, una kazi." Ananiomba radhi kwa kunisalimia!

Jumanne, 13 Mei

Nilijikaza kisabuni nikaenda kwa Dokta. Nikamwambia, "Kuna jambo kuhusu madodoso. Yale ya mwisho."

Aliinua kiganja. Akainuka, akafunga mlango, akakaa tena. Tabasamu halikuwepo.

"Makala imeshatumwa," akasema. "Siku yako ya kutetea ni Alhamisi ijayo. Sasa nisikilize vizuri, binti. Kuna mambo ambayo mwanafunzi akimwambia msimamizi wake, msimamizi analazimika kuyajua. Je, kuna jambo unataka nilazimike kulijua?"

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Nikasema hapana.

"Vizuri. Kapumzike."

Anajua. Labda alijua tangu siku ile ya meno. Na mimi nilidhani ni mtu wa kuogopwa kwa sababu anajali mno ukweli.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia.

Alikuwa anachambua nguo za kufua. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu, nikasema upesi upesi bila kupumua: wale wanaotaka mashine ni sisi, mama mdogo, ni wale wa mezani, wewe arobaini, mimi ishirini na tisa, programu iliwakusanya pamoja, Dokta akawapa jina, meneja akawaamini.

Akabaki ameshika soksi moja.

"Na wale wa kweli? Walisemaje?"

"Mia na nne walikuchagua wewe. Kati ya mia na thelathini na moja."

Alikaa juu ya rundo la nguo. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa ile soksi. Nikadhani ni furaha, nikamsogelea. Akanisukuma.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Barua umenisomea wewe! Kwa mdomo wako! Nimekaa wiki tatu na nusu nikijichukia, naogopa hata kumkaribisha mteja, na wewe umekaa hapo unanitazama nikinywa chai. Kufukuzwa kazi ningekusamehe leo leo. Lakini hili?"

Nikaanza kuokota soksi zilizotawanyika.

Baadaye, akianika nguo ndani kwa sababu ya mvua, alisema bila kunigeukia: "Alhamisi utatetea, utafaulu, utanyamaza. Kazi nitapata nyingine. Hatuwezi kupoteza vyote viwili. Umenisikia?" Nikasema nimesikia.

Alhamisi, 22 Mei

Walikuwa watatu mezani, Dokta pembeni. Niliongea dakika ishirini. Sikumbuki hata moja. Mtahini kutoka chuo kingine, mama mmoja mwenye sweta la kijivu, alikuwa akifunua kurasa taratibu. Akasema kazi ni safi. Akasema hana swali gumu, ana shauku tu.

"Hawa Wateja Kimya. Umewahi kukutana na mmoja wao, ukaongea naye?"

Lilikuwa swali la kirafiki. Ningeweza kusema ndiyo, wengi. Dokta alikuwa anatazama kalamu yake.

"Hawapo," nikasema. "Wawili tu ndio wapo. Sitini na tisa niliwajaza mwenyewe nyumbani."

Hakuna aliyenikaripia. Mama wa sweta alifunga tasnifu, akaweka viganja juu yake. Mwenyekiti akauliza kama nilijaza peke yangu. Nikasema peke yangu. Akauliza kama msimamizi alijua. Nikamtazama Dokta, na yeye kwa mara ya kwanza alikuwa ananiogopa mimi. Nikasema, "Sikumwambia." Hilo nalo ni kweli, kwa namna yake.

Tasnifu imefutwa hapo hapo. Duka limeandikiwa barua. Kamati ya nidhamu itakaa Jumatano kuamua kama nina chuo cha kurudi.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imekatika. Nimelala siku nzima.

Jumanne, 27 Mei

Meneja amefuta mpango wa mashine. Kaunta inabaki. Mama mdogo ameniambia hayo akiwa amesimama mlangoni na mfuko wa plastiki mkononi, na ndani ya mfuko nikaona kikombe chake cha kazini, kandambili zake, na mto mdogo wa kiti.

"Mbona umebeba vitu?"

"Aliniita. Akasema mpwa wako amekiri kajaza peke yake, ametuingiza hasara, lakini wewe huna kosa, rudi ukafanye kazi. Nikamwambia arobaini ni zangu."

Nilipiga kelele. Nilimwambia nimekiri vile ili abaki, kwamba nimepoteza chuo ili yeye abaki, kwamba alikuwa ameshapona, amefanya nini!

"Na wewe umefanya nini?" akaniuliza. "Umekwenda kusema ukweli, ukauanza kwa uongo. Nikae kwenye kiti kile, nimuulize mtu goti lake, huku najua mtoto wa dada yangu amebeba karatasi zangu? Ningeuliza kwa sauti gani?"

Wamemwachisha kazi leo saa nne. Kuanzia kesho kaunta ina msichana mwingine.

Nimekaa hapa sijui nilie au nicheke. Kesho saa tatu kamati itaniuliza kama niliyosema Alhamisi ni kweli yote, na sasa barua ambayo meneja amewaandikia leo itakuwa mezani kwao ikisema si kweli yote. Nimemwambia mama mdogo yeye asije, kwamba kamati hairuhusu ndugu kuingia.

Yuko chumbani anapiga pasi gauni lake la kanisani.

"Mimi siendi kama ndugu," amenijibu. "Naenda kama wateja arobaini."